Kitanda cha Mtoto Si Kitanda cha Akiba

Najua wengi mliopita hapa wiki hii mnatafuta rangi za nguo za siku ya singo, na hayo yatakuja insha'Allah. Leo nivumilieni, maana biharusi wa mwaka huu ndiye mama wa mwakani.

Mwaka juzi nililala hospitali na mtoto wa dada yangu, miezi minane, kifua kimembana. Nesi alikuja na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Kilikuwa cha watu wazima, kikicheza kwenye kidole chake kama pete ya kuazima. Akakihamishia dole gumba la mguu, kikasoma, kikaacha. Mtoto alipona, alhamdulillah. Lakini ikiwa siku ya kawaida hali ni hii, siku ya mripuko itakuwaje?

Mwaka 2020, korona ilipopamba moto New York na London, baadhi ya wadi za watoto mahututi zilipokea watu wazima. Silaumu. Watoto wengi hawakuzidiwa, na wakubwa walikuwa wanakufa. Ila mwishoni mwa Aprili madaktari wa Uingereza wakatoa tahadhari: kuna watoto wanaletwa na homa kali, tumbo linauma, vipele, moyo umechoka, wengine wiki kadhaa baada ya kupitiwa na korona. Na ile homa ya mafua ya H1N1 ya 2009 iliwapata watoto na vijana zaidi kuliko wazee. Anayesema janga lijalo litawaacha watoto wetu anabahatisha.

Kwa hiyo mimi nasema, kitanda kiazimwe ikibidi, lakini vifaa vya watoto na wauguzi wao wasiguswe. Mpira wa kumpumulia mtoto mchanga una upana wa milimita 3 na nusu hivi, wa mtu mzima 7 au 8. Dawa yake hupimwa kwa kilo zake. Hayo huwezi kujifunza wakati gari la wagonjwa liko mlangoni.

Tena tusidanganyike na mashine. Dk. Mohammod Jobayer Chisti wa Bangladesh alitengeneza kifaa cha kusaidia pumzi kwa chupa ya shampuu yenye maji na mpira wa oksijeni. Matokeo yake yalitoka 2015: kati ya watoto 79 waliopewa kifaa hicho walikufa 3; kati ya 67 waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 10. Mashaallah. Lakini Malawi, kwenye hospitali ya wilaya isiyo na daktari wa kuwasimamia watoto kila siku, njia ya namna hiyo ilijaribiwa na matokeo ya 2019 yakawa kinyume: waliotumia mashine walikufa asilimia 17, wa oksijeni ya kawaida 11. Pumzi ni ileile. Kilichopungua ni macho ya kuitazama. Sisi tunapenda kukata utepe na kupiga picha na mashine. Kumlipia nesi mafunzo hakuna picha, basi hakuchangiwi.

Na mama naye aandikwe kwenye mpango. Shirika la Afya Duniani lilisema 2020 kwamba mama mwenye korona aendelee kunyonyesha, avae barakoa, aoshe mikono. Hata hivyo sehemu nyingi walitenganishwa na watoto wao. Mlinzi wa getini asiwe ndiye anayeamua.

Biharusi mmoja ninayemsimamia aliniuliza akitaka kutoa sadaka wadini kabla ya ndoa, anunue nini. Alishapanga mashine. Nikamwambia amuulize kwanza nesi mkuu. Alikwenda Jumatatu, akarudi na kikaratasi: betri za kipimo walichonacho, kibanio cha saizi ya mtoto, na viti viwili vya mama kulalia.