Daftari la Halmashauri Iliyovunjwa

Asubuhi ya ukungu katika soko la Tukuyu, mama ashushapo kichwani mkungu wake wa ndizi, ungali unachuruzika maji ya mvua ya usiku, mtoza ushuru humkabidhi stakabadhi yenye jina la Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe. Naye huikunja akaifunga katika pindo la khanga, asikumbuke, wala hapana aliyemfundisha, ya kwamba halmashauri hiyo iliwahi kuvunjwa kwa amri ya serikali, ikakaa miaka 12 haipo.

Tarikhi ya utawala wa hapa ni ndefu. Wajerumani walilihamisha boma lao kutoka Langenburg, pwani ya Ziwa Nyasa, wakalijenga mlimani Tukuyu na kupaita Neu-Langenburg. Na Waingereza walipopateka mwaka 1916, haukupita muda mrefu ila Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, akawatia wakuu wa jadi katika utawala wake, hata malafyale, yaani mkuu wa jadi wa hapa, aliyekuwa akiheshimiwa na watu wake kwa ada za mababu, akawa pia mtu wa kupokea maagizo ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, madaraka ya machifu yalifutwa, na madiwani waliochaguliwa na raia wakashika dhamana ya shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini.

Dhamana hiyo haikudumu. Mwaka 1969 halmashauri za wilaya ziliondolewa kodi na ushuru wa mazao ambavyo zilikuwa zikivitegemea, na mwaka 1972 zikavunjwa nchi nzima, mahali pake pakashikwa na mpango wa Madaraka Mikoani, ambao chini yake maofisa wa serikali kuu ndio waliopanga maendeleo ya wilaya. Sikatai kwamba halmashauri nyingi zilikuwa na uhaba wa fedha na wa wataalamu. Lakini mgonjwa hutibiwa, hazikwi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwa uungwana wake, alikiri mwaka 1984 kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa; na mwaka huo huo, chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, halmashauri za wilaya zikafufuliwa.

Hata hivyo, iliyorudi Tukuyu haikuwa ile iliyoondoka. Kyela, nchi ya mpunga na kakao, ilikwisha kukatwa kutoka Rungwe ikawa wilaya ya peke yake. Ileje kadhalika, ambayo leo imo katika Mkoa wa Songwe. Na katika mwongo uliopita Busokelo nayo ikapewa halmashauri yake. Mimi siupingi mgawanyo huu, maana mkulima aishiye mbali na boma ana haki ya kusogezewa ofisi. Ninalolililia ni jingine: kila eneo linapokatwa au baraza linapovunjwa, nani huulizwa madaftari yamekwenda wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya halmashauri si fedha peke yake, bali ni mipaka ya viwanja vya shule, ahadi za barabara, na hoja za madiwani waliosimama kuwasemea watu wao. Mwanakijiji anayegombania mpaka wa zahanati, akikosa karatasi, hubaki na ushahidi wa wazee tu, nao wazee wanatutoka mmoja mmoja, ilhali unyevu wa Rungwe na mchwa haviisamehe karatasi.

Kwa hiyo nazisihi halmashauri nne zilizozaliwa katika ile wilaya ya zamani, yaani Rungwe, Busokelo, Kyela na Ileje, zishirikiane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kuzikusanya kumbukumbu za mikutano, ramani na hesabu za baraza lile kabla hazijaoza, na nakala zake ziwekwe Tukuyu katika chumba kikavu, chenye mlango ulio wazi kwa kila raia. Nawe msomaji, ikiwa babu yako au bibi yako alikuwa diwani, karani au tarishi wa halmashauri ile, lifungue sanduku lake leo, na karatasi utakayoiona usiiwashie moto jikoni.