Meza Haikukingi na Mshale

Tumelelewa na sinema ambamo shujaa, mishale ikimiminika, hupindua meza, akajibanza nyuma yake na kutoka mzima. Hapo ndipo ilipoota imani kwamba mshale ni kitu cha kuwindia ndege, na kwamba kinachozuia risasi hakiwezi kushindwa na kijiti. Imani hiyo ni ya uongo, tena inaua.

Mwaka 1923 Saxton Pope, daktari mpasuaji wa California, alichapisha kitabu kuhusu uwindaji wa upinde. Anasimulia humo alivyoazima makumbusho vazi la vita la pete za chuma, lililotengenezwa Damascus karne ya 15. Mtumishi mmoja wa makumbusho alijitolea kulivaa apigwe mshale! Pope akakataa, akalivisha sanduku la mbao. Kwa umbali wa mita sita na ushei, mshale ulitoa cheche, ukapenya chuma mahali kilipokuwa kinene zaidi, ukatoboa mbao na kuvimbisha chuma cha upande wa pili. Mtumishi yule uso ulimbadilika rangi. Sasa niambie: mlango wa chumba chako, plaiwudi mbili nyembamba zenye uwazi katikati, utafanya nini? Na godoro, au debe?

Watu hupotoshwa na hesabu. Ni kweli, risasi ya bastola ya milimita 9 ina nishati ya jouli 500 hivi, na mshale wa gramu 25 unaokwenda mita 60 kwa sekunde una 45 tu. Lakini risasi ni fupi na butu, na nyingi hupondeka zinapogonga. Mshale ni mrefu, mwembamba, na uzito wake wote unasukuma kigumba kimoja katika tundu lile lile. Kigumba chenye makali hukata nyuzi za fulana ambazo risasi hunasa ndani yake. Ndiyo maana Marekani ina kiwango kimoja cha fulana za kuzuia risasi na kingine cha fulana za kuzuia visu.

Wawata, watu wa Tsavo nchini Kenya, waliwinda tembo kwa pinde ambazo kuzivuta kulitaka nguvu ya zaidi ya kilo 45. Sumu ndiyo iliyoua, nakubali, lakini ilibidi kwanza mshale upite ngozi ile.

Upinde wa kifyatulio, wenye kitako kama cha bunduki, ndio unaonitisha zaidi, kwa kuwa hautaki misuli wala miaka ya mazoezi. Desemba 25, 2021, mtu aliingia nao kwenye ngome ya Windsor, Uingereza, akikusudia kumuua Malkia Elizabeth II. Julai 2024, huko Bushey, dada wawili waliuawa kwa silaha hiyo hiyo. Nchini humo, wakati huo, mtu mzima aliweza kuinunua bila leseni.

Na nyie mnaotoboa sufuria na milango ya zamani uani mkijirekodi video: nyuma ya mlango huo kuna ukuta, au kuna jirani anayeanika nguo?