Harufu ya Dawa Katika Maji Yetu



Juma hili twaelekea bara, hadi Rapsu katika kaunti ya Isiolo, waishiko ndugu zetu Waborana na kulima kwa maji ya mifereji. Mahali kama hapo pana swali lililomo katika nyumba zetu za pwani pia: maji ya kunywa yatiwe dawa gani, na kwa nini yanuke?

Dawa ya maji ina kazi mbili: kuua vijidudu tangini, kisha kuyalinda maji njiani, bombani hadi mtungini. Klorini huua haraka na hupatikana kwa urahisi, lakini hupungua nguvu kadiri maji yanavyokaa, na ikikutana na mabaki ya majani huzaa kemikali zisizotakikana. Kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia kwa kipimo, huua polepole ila hudumu zaidi. Ndiyo maana baadhi ya miji ya Marekani yenye mabomba marefu huitumia. Klorini dioksaidi ina nguvu, lakini hutengenezwa papo hapo mtamboni, na mabaki yake yapasa kupimwa.

Hizo mbili za mwisho zahitaji mafundi na vipimo vya kila siku. Kwa kijiji, klorini ndiyo ifaayo. Wala asijaribu mtu kuichanganya na amonia nyumbani, kwani hutoa mvuke wa sumu.

Wako wanaoyakataa maji hayo kwa harufu yake, wakarudi kuteka mferejini wanakonywa mifugo. Hapo ndipo kipindupindu hupata mlango. Harufu hafifu ni dalili kuwa mlinzi bado yu kazini. Shirika la Afya Duniani lataka maji yamfikiapo mnywaji yawe na walau miligramu 0.2 za klorini kwa lita.

Na udhu je? Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kuwa maji yakibadilika kidogo kwa kitu twahara, na bado yakaitwa maji, hubaki twahara na yenye kutwaharisha. Basi asiache mtu maji salama kwa wasiwasi.

Enyi mama zetu, maji yakiwa na tope yaacheni yatuame, kisha yachujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa, maana tope huila dawa. Tieni dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na msubiri dakika 30. Msitumie dawa ya kufulia yenye manukato. Kisha funikeni mtungi, kama alivyotuagiza Mtume wetu (s.a.w.) kufunika vyombo, wala mkono usitumbukizwe ndani, maji yaliyotibiwa vyema huharibiwa na kikombe kimoja kichafu.

Kuhifadhi uhai ni amana, na amana hiyo huanzia mtungini. Wabillahi tawfiq.