Si kila kitu kinahitaji kufuli yake

Wasee, kuna mtu hapa Adams Arcade ananiambia ati kila kitu ndani ya kerneli lazima kiwe na kufuli yake. Zii! Vitu vidogo milioni moja, kufuli milioni moja, memori imeisha bure. FreeBSD ina kapu la kufuli za kushare: anwani ya kitu ndiyo inachagua kufuli. Ndio, vitu viwili visivyojuana vinaweza kuangukia moja, kimoja kingoje kidogo. Sawa tu.

Shida ni wewe, unashika moja halafu unaitisha ya pili kwa kapu hilo hilo. Matatu mbili uso kwa uso kwenye kichochoro, hakuna anayerudi nyuma. Mashine inaganda, unalaumu kapu. Na mwongozo wake umekataza waziwazi. Mimi niliacha chuo na bado niliusoma.