Wajane Waliosimulia na Aliyenyamaza



Wasomaji waliouliza kwa nini safu hii haikuonekana juma lililopita watuwie radhi. Tulikuwa safarini mpakani. Tulialikwa harusini Busia, na kwa kuwa si kila mwaka mtu wa Mombasa hufika huko, tukaona tupitie kwanza Malaba, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Busia, tukamjulie hali wifi yetu. Huyu ni mzaliwa wa Likoni. Mumewe, ndugu yetu wa kwa baba mdogo, alikuwa dereva wa malori ya mizigo kutoka Kilindini kwenda Kampala, na aliihamishia Malaba nyumba yake yote ili kila safari awaone watoto mara mbili, akienda na akirudi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mkobani tulichukua vitabu vitano, tukikusudia kuwaandikia habari zake katika safu hii. Vyote vyahusu watu weusi wa Marekani waliopigania haki zao, na jamaa zao. Tumevikusanya kwa miaka mingi. Vingine ni mitumba ya kando ya barabara, na kimoja tuliletewa na mpwa wetu aishiye ughaibuni. Tulidhani tutaandika juu ya mashujaa. Mambo yakaenda njia nyingine.

Cha kwanza wengi wenu mwakijua: maisha ya Malcolm X kama alivyomsimulia Alex Haley, kilichotoka mwaka 1965, miezi kadhaa baada ya mwenyewe kuuawa. Vijana wetu hukipenda, na hawana kosa. Mtu aliyetoka gerezani, akahiji mwaka 1964, akarudi na jina la El-Hajj Malik El-Shabazz, na Oktoba ya mwaka huohuo akafika hata kwetu Afrika ya Mashariki, Dar es Salaam na Nairobi, ana mengi ya kumfunza kijana. Lakini tumeona katika nyumba nyingi kwamba mazungumzo huishia pale risasi zilipolia. Mume amekufa, kitabu kimefungwa. Aliyebaki na watoto haulizwi.

Basi cha pili ni cha mmoja wa watoto hao, Ilyasah Shabazz, na jina lake ni Growing Up X, kilichochapishwa mwaka 2002. Mamaye, Betty, alikuwa muuguzi. Aliolewa mwaka 1958, na ndoa ikadumu miaka saba tu. Usiku wa tarehe 14 Februari 1965 nyumba yao ilitupiwa mabomu ya moto, wakatoka na watoto katika baridi. Juma moja baadaye, Jumapili tarehe 21, alikwenda na mabinti zake wanne kumsikiliza mumewe katika ukumbi wa Audubon, New York, naye ana mimba ya pacha. Risasi zilipoanza aliwalaza watoto chini akawafunika kwa mwili wake. Ziliponyamaza, ule uuguzi wake ukamkimbiza jukwaani. Hakukuwa na la kuuguza tena.

Ilyasah wakati huo hajatimiza miaka mitatu. Anayoyasimulia zaidi ni yale ya baadaye. Mjane asiye na nyumba, ambaye wanawake wenziwe walimchangia akapata makao Mount Vernon. Sehemu ya mapato ya kile kitabu cha mumewe ndiyo iliyosaidia kuwalisha mayatima. Mwaka huohuo alikwenda kuhiji. Kisha akarudi masomoni huku analea mabinti sita, na mwaka 1975 akapata shahada ya udaktari wa elimu, akawa mwalimu wa chuo. Nyumba yake ilijaa masomo, michezo na vicheko, na baba akitajwa kwa mapenzi; lakini habari ya ile Jumapili ikakaliwa kimya. Ilyasah alipofika chuoni wanafunzi wenziwe walimtazamia awe nakala ya baba yake, awatolee hotuba. Yeye alikuwa msichana mwenye haya, na ikambidi akae na vitabu kumsoma babaye kama wanavyomsoma wageni.

Kitabu hiki kilichukuliwa mkobani mwetu usiku wa kwanza, bila ya ruhusa, na binti wa wifi yetu aliye kidato cha tatu. Malaba, kwa asiyepajua, ni mji wa malori. Usiku husikii ila breki za upepo na utingo wakiitana. Tulipoamka kwa ajili ya Alfajiri tulimkuta bado anasoma. Wakati wa chai, mamaye akipakua mbaazi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Mama, baba alikufaje hasa?”

“Si nilikwambia? Alifariki safarini.”

“Safarini wapi?”

Wifi yetu akasema mahamri yanaungua, akatoka kwenda jikoni. Mahamri yalikuwa mezani.

Baadaye, binti alipokwenda kuteka maji, tulimwambia mamaye maneno ambayo leo hatuyaonei fahari. Tulimwambia hata Betty alinyamaza, na mabinti zake wakakua. Kwamba kumfunika mtoto asione ni huruma. Akatusikiliza, akasema, “Wifi, Betty alikuwa pale. Mimi sikuwapo.” Kisha akatueleza jambo ambalo kwa miaka yote hii hata sisi watu wa mumewe hatukulijua sawasawa.

Mtakumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, madereva wa malori walisimamishwa Malaba wakingoja kupimwa na kupewa majibu, na foleni ikarefuka kilomita nyingi. Watu waliwaogopa kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Ndugu yetu alikuwa katika foleni hiyo, karibu na nyumba yake kiasi cha kwenda kwa miguu, na alikuwa na kisukari. Alimpigia mkewe simu: usije, usilete watoto, majirani watatutenga. Akatii. Akawa anampelekea chakula kwa kijana wa bodaboda. Siku ya tatu chakula kikarudi. Binti alikuwa na miaka kumi.

“Nikimwambia alikuwa hapo hapo,” alisema, “ataniuliza mbona sikwenda.”

Hatukuwa na jibu, na mpaka sasa hatuna.

Siku ya pili tulikwenda Busia sote watatu. Harusi ilikuwa njema, na wale wanaodhani bara hakuna pilau waje waulize. Busia ni mji wa mwanamke anayebeba mzigo: omena, mayai, nafaka na nguo huvuka kila asubuhi, upande huu na upande ule. Huko ndiko inakosemekana jina la bodaboda lilizaliwa, kwa wenye baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Waislamu wa huko si wageni pia. Mumias haiko mbali, na dini ilifika kwa Nabongo Mumia na wafanyabiashara wa pwani yetu. Baada ya Laasiri, wanawake wamekaa jamvini wakisubiri bibi harusi aletwe, wakatuuliza mkobani mna nini. Tukavitoa vitabu, na kwa kuwa vyote ni vya Kiingereza, tukawa twasoma na kufasiri, tukipokezana na wasichana wa shule. (Ni aibu yetu sote kwamba vitabu hivi havipatikani kwa Kiswahili. Lakini jamvi na msichana anayefasiri kwa sauti si njia mbaya ya kusoma, na huenda ni bora kuliko kusoma peke yako.)

Kilichowashika zaidi kilikuwa The Three Mothers cha Anna Malaika Tubbs, cha mwaka 2021, juu ya mama zao Martin Luther King, James Baldwin na Malcolm. Mama wa Malcolm aliitwa Louise Little, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, mwenye elimu na lugha kadhaa, aliyekuwa akiandika katika gazeti la wafuasi wa Marcus Garvey. Mumewe alikufa mwaka 1931 akamwachia watoto saba. Njaa ikaingia, maofisa wa ustawi wakawa hawatoki mlangoni, na mwaka 1939 akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto wakagawanywa. Hakutoka hadi mwaka 1963. Katika kitabu cha mwanawe, mama huyu ana kurasa chache tu. Mama mmoja muuza nafaka alituuliza ni nani aliyekuwa akienda kumtazama miaka yote hiyo, na tulipomjibu kwamba watoto walikwenda kadiri walivyoweza lakini kulizungumza jambo lenyewe kuliwauma, akatikisa kichwa: “Kwa hivyo alifichwa mara mbili.”

Coretta Scott King tulimpita upesi, ingawa kitabu chake cha mwaka 1969 ni kizuri. Nyumba yake ililipuliwa Januari 1956 akiwa ndani na mtoto mchanga, na siku nne baada ya mumewe kuuawa Memphis, Aprili 1968, aliongoza maandamano mahali pake. Wanawake wa Busia walimheshimu, lakini waliona ni mkubwa mno, kama mke wa rais.

Aliyewakalia moyoni ni Myrlie Evers. Mumewe, Medgar, alipigania haki za watu weusi Mississippi, na alimhusudu Kenyatta hata akataka mwanawe wa kwanza aitwe jina hilo. Myrlie, kwa hekima ya wake, akatanguliza jina la Darrell, na Kenyatta likafuata. Jamvini palichekwa sana hapo. Kisha tukasoma yaliyofuata. Medgar aliwafunza watoto wakisikia kishindo walale chini. Usiku wa tarehe 12 Juni 1963, walipokuwa macho wakimngoja, alipigwa risasi uani mwake aliposhuka garini. Watoto wakalala chini kama walivyofunzwa, halafu wakatoka nje wakamwita babaye aamke. Myrlie hakuficha lolote. Alikiandika kitabu chake, For Us, the Living, mwaka 1967, na hakuacha kuidai haki. Baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kukata shauri mara mbili mwaka 1964, na muuaji akahukumiwa mwaka 1994. Miaka thelathini na zaidi. Na chuo alichofundisha Betty Shabazz, kule Brooklyn, ndicho kilichopewa jina la Medgar Evers. Wajane hawa walikuja kuwa marafiki, msemaji na mnyamavu.

Bibi mmoja akasema huyu Myrlie ndiye mama, na yule Betty aliwakosea mabinti zake. Tukataka kumtetea Betty, lakini binti wa wifi yetu akatutangulia. Alisema kwa adabu, macho chini: “Hakuwakosea, bibi. Alikuwa anaogopa. Lakini shuleni watu hujua kabla ya mtoto mwenyewe. Mimi niliambiwa darasa la saba, na wenzangu, kwamba baba alioza ndani ya lori.”

Wifi yetu alikuwa ukingoni mwa jamvi. Hakusema neno. Vigelegele vikapigwa nje, bibi harusi ameletwa, watu wakainuka.

Tulirudi Malaba kesho yake kuchukua mizigo yetu. Matatu ilituteremsha kabla ya mji, kwa kuwa malori yalikuwa yamepanga hata njia haipitiki, tukaenda kwa miguu kando ya barabara kuu. Mahali fulani, palipo na kibanda cha chai na mti wa mwembe, wifi yetu alisimama. Akamwita mwanawe. Tukamsikia akisema, “Ni hapa. Mimi nilikuwa nyumbani, alinikataza nisije.” Sisi tukaendelea mbele na mikoba, tukaketi juu ya jiwe tukawangoja, na walikaa pale muda mrefu, msichana akiuliza na mamaye akijibu, mpaka lori lililokuwa mbele yao likawashwa na kusogea hatua chache.

Growing Up X kimebaki Malaba, na kile cha Myrlie pia, kwa ombi la wifi mwenyewe, ambaye sasa anasomewa na bintiye kila baada ya Isha. Akina mama waliotuandikia wakitaka kuviazima wawe na subira. Kile cha Louise na mama wenziwe kiko kwetu, na atakayekitaka na atume mtoto.