Usimwambie fundi anyamazishe breki, mwambie akuonyeshe

Kama unaishi Makongeni ama unapita Jogoo Road kila asubuhi, hiyo sauti unaijua. Kigari kinakaribia steji, dereva anakanyaga breki, chiiii! Watu wote wanaosubiri matatu wanageuza shingo. Dereva anajifanya hajasikia, anaongeza redio, safari inaendelea.

Mimi nimekuwa huyo dereva. Mwaka jana nilinunua gari dogo lililotoka Japani, na hata mwezi haukuisha kabla breki kuanza kulia. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. "Fundi, nyamazisha hii kelele, inaniaibisha." Akamwaga maji, akapiga msasa kidogo, nikampa mia tatu. Kelele ikapotea siku nne kisha ikarudi. Baadaye sauti ilibadilika. Haikuwa kulia tena, ilikuwa kukwaruza, kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji. Nikajiambia nitashughulikia mwisho wa mwezi.

Kabla ya mwisho wa mwezi mvua ilinyesha. Karibu na mzunguko wa City Stadium mtoto wa shule alivuka mbio, nikakanyaga, na gari halikusimama nilipotaka. Lilisimama hatua mbili mbele ya hapo. Mtoto alikuwa amesharuka ukingoni. Nilikaa pale magari yakinipigia honi nyuma na miguu inatetemeka.

Sasa nisikize wewe mwenye gari, na hasa wewe unayebeba abiria wa programu usiku na mchana. Ile sauti kali ya mwanzo mara nyingi imewekwa makusudi. Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo cha chuma kando. Pedi ikiliwa hadi ibaki kama milimita mbili au tatu, hicho kibati kinagusa diski na kupiga kelele ili ujue siku zimekaribia. Pedi mpya huwa na milimita kumi hivi. Kuna pedi za bei ya chini ambazo hazina kabisa hicho kibati, kwa hivyo ukimya nao usikudanganye. Ukifika kwenye kukwaruza, chuma kinasaga chuma, na unachokula sasa ni diski. Mimi nililipa pedi na diski mbili, pesa ambayo ingenunua pedi peke yake zaidi ya mara tatu.

Si kila kelele ni hatari, nakubali. Gari likilala nje na mvua ikanyesha, diski hushika kutu nyembamba usiku, na asubuhi breki zinalia mara mbili tatu kisha zinanyamaza. Hiyo achana nayo. Vumbi la huku kwetu pia linaweza kuzifanya zilie. Lakini kelele inayorudi kila ukikanyaga inahitaji gurudumu lifunguliwe. Kuchungulia kupitia rimu hakutoshi, kwa sababu unaona pedi ya nje tu. Vile vyuma ambavyo kalipa inatelezea vikishika kutu au kukauka grisi, pedi ya ndani huisha kwanza huku ya nje ikionekana freshi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Na kama kuna mtu anakushauri upake oili kwenye pedi ili zinyamaze, ondoka hapo haraka. Grisi maalum ya breki huwekwa mgongoni mwa pedi na kwenye vyuma vya kuteleza. Upande unaogusa diski haupakwi chochote. Oili ikifika hapo, breki hazishiki, na gari linaweza kuvutwa upande mmoja ukiwa katikati ya Jogoo Road.

Hapa ndipo nina maneno yangu, na najua mafundi wengine watanuna na wateja watanuna zaidi. Tunalaumu fundi kwamba kila kitu kwake ni "badilisha". Lakini sisi tunamlipa kwa lipi? Akifungua magurudumu mawili, akatoa pedi, akasafisha, akasema ziko sawa, tunampa "asante" na hamsini ya chai. Akisema zimeisha, ndipo anakwenda Kirinyaga Road kuchukua spea na anapata chake juu ya bei. Tumemfundisha kwamba macho yake hayana thamani, chenye thamani ni kuuza. Halafu tunashangaa akiuza.

Kwa hivyo ukienda, patana kwanza bei ya kuangalia tu. Simama hapo hapo, mwache simu mfukoni. Mwambie atoe pedi zote mbili za gurudumu na aziweke mkononi mwako. Zikiwa zimeisha, badilisha kushoto na kulia pamoja, usibadilishe upande mmoja kwa kuokoa doo. Pedi za zamani ondoka nazo, ndio ujue kweli zilitoka. Na kabla ya kuondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana baada ya kubadilisha pedi ile ya kwanza huzama hadi chini. Kuna watu wametoka gereji wakagonga ukuta ulio mbele yao kwa kusahau hilo.

Jumamosi iliyopita nilipeleka gari kwa fundi wangu wa sasa. Akapandisha jeki, akafungua ya mbele zote mbili, akanionyesha, akafunga. "Bado ziko, bosi. Rudi baada ya miezi mitatu." Nikampa mia tano. Akaigeuza ile noti, akaniangalia, akauliza, "Na hii ni ya nini sasa?"

"Ni ya kuangalia," nikamwambia.