Bison ni mgeni, si mwenye nyumba

Leo nina hasira kidogo, nivumilieni.

Kila nikifungua mradi wa kompaila ulioandikwa kwa C++ naona jambo lile lile. Klasi zimepangwa vizuri, urithi umetulia, halafu katikati kuna faili moja refu la sarufi ambamo kila kitu kimerundikwa: jedwali la majina, ukaguzi wa aina, hata kuchapisha makosa. Ukiuliza, unaambiwa ndivyo Bison inavyotaka. Uongo mtupu!

Kwa wasiozijua: leksa husoma herufi na kuzifunga kuwa maneno, kichanganuzi huyapanga maneno hayo kufuata sarufi. Lex na Yacc, zilizotoka Bell Labs miaka ya 1970, hukuandikia vipande hivyo ukizipa kanuni tu. Flex na Bison ndio warithi wake. Ila asili yake ni C, na hadi leo usipoziambia vingine zinakumwagia vigeu vinavyoonekana na programu nzima: yytext, yylval, yyin.

Mimi yalinikuta kazini. Tulikuwa na lugha ndogo ya kuandikia kanuni za riba za vyama vya akiba na mikopo. Mtu akaongeza amri ya kuingiza faili jingine: katikati ya uchanganuzi yyparse inaitwa tena, yyin inaelekezwa kwenye faili jipya. Faili la ndani likaisha, na la nje nalo likadhani limeisha. Kanuni zote zilizokuwa chini ya amri ile zikapotea kimya kimya, bila kosa hata moja kwenye skrini. Wanachama wakatozwa riba ya kawaida kwa mikopo ya dharura. Sisi tukahangaika siku nne kwenye klasi za hesabu, ambazo hazikuwa na hatia.

Dawa ipo, tena si ngeni. Iambie Flex %option reentrant, iambie Bison %define api.pure full, au tumia kiunzi chake cha C++, lalr1.cc. Kisha ifungie yote ndani ya klasi moja: inapokea jina la faili, inarudisha mti. Usirithi kutoka kwa klasi iliyozalishwa, imiliki tu. Ndani ya sarufi kila kanuni iwe na mstari mmoja unaojenga kifundo cha mti, basi. Majina na aina vikaguliwe baadaye, na klasi nyingine zinazoutembelea mti. SableCC ya Java ilitenganisha hivyo tangu 1998, kwa hiyo usiniambie ni nadharia.

Kuna watakaosema tupa Bison, andika kwa mkono kama GCC. Kweli, GCC ilibadilisha kichanganuzi cha C++ kwenye toleo la 3.4 mwaka 2004, na cha C kwenye 4.1 mwaka 2006. Lakini C++ ni lugha ya kumtia mtu wazimu. Lugha yako ya kanuni ishirini si C++. Na siku ukitaka kuhama, kama kichanganuzi kimejificha nyuma ya klasi moja, utabadilisha klasi hiyo tu.

Na wewe unayehariri y.tab.c kwa mkono, halafu unalia make imekufutia kazi ya wiki nzima: sina la kukuambia.